Siku Sindano Alipoachia Mkono

Fundi cherehani huyu walimbandika jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, maana alijua kuchoma. Lakini mbele ya mama mkwe ulimi ule ulikuwa mzito kama jiwe. Mkwe alikuwa muuguzi mstaafu, mtu wa maneno machache na macho mengi, aliyekuja kukaa kwao wiki mbili ili goti lake likaangaliwe hospitali. Asubuhi moja Sindano alikuwa anakwenda katikati ya jiji kununua bitana na zipu, na mumewe, aliyebanwa na kazi, akamwomba aende na mama akamtembeze.

Mama alitaka kitu kimoja tu: kupanda lile jengo refu la vioo alione jiji kutoka juu. Wakapanda kwa lifti. Mama alisimama kwenye kioo kama mtoto, akihesabu madaraja. Sindano, ambaye hata ngazi ya kupakia rangi ilimtia kizunguzungu, aligandamana na ukuta, akaomba kimoyomoyo washuke salama.

Waliposhuka wakaingia mtaa wa vitambaa, ule mwembamba ambao maduka yake yameanika majora hadi njiani na watu hupita wakigusana mabega. Sindano alikuwa amemshika mama mkono. Wakafika katikati ya mtaa, ndipo kishindo kikalia upande wa barabara kuu.

Kwanza walikimbia watu wawili. Halafu kumi. Halafu mtaa mzima uligeuka na kuja upande wao. Mmoja alisema majambazi wana bunduki, mwingine akasema bomu, na mbio za watu hazina muda wa kuuliza nani mkweli. Meza ya vifungo ilipinduka. Sindano alivuta, lakini goti la mama halikukubali, na nyuma yao watu walikuwa wanakuja kama maji yaliyovunja kingo. Mkono wa mama ukawa mzito. Vidole vya Sindano vikafunguka.

Umati ulimbeba ukamtupa ndani ya duka la nyuzi, na mwenye duka akashusha mlango wa bati nyuma yake. Ndani mlikuwa na giza, na watu kama kumi na watano wanahema.

Mtu akabisha. Alipiga bati kwa kiganja, pa, pa, pa, bila kusema neno. Mwenye duka alitikisa kichwa: akifungua wataingia wote na hapa watu watakanyagana. Sindano alijua kabisa anapaswa kusema kwamba huenda ni mama mkwe wake. Hakulisema, kwa sababu alitaka mlango ubaki umefungwa. Kiganja kikapiga mara mbili zaidi, polepole, kikanyamaza.

Zilipita dakika ambazo hakuweza kuzipima. Kisha simu ya mtu ikaita, na habari ikaingia: ni gurudumu la lori tu lililopasuka barabarani. Wengine wakacheka kicheko cha aibu. Sindano hakucheka. Bati lilipoinuliwa alitoka akiangalia chini, akiogopa kila kitu kilicholala. Viatu vya mguu mmojammoja vilitapakaa kila mahali. Mikoba. Jora la kitambaa cheupe lililokanyagwa mpaka likawa la kijivu. Akaita, “Mama,” kwa sauti ambayo haikufika hata upande wa pili wa njia.

Alimkuta mlango wa tano, ameketi juu ya majora, kichwa wazi. Kilemba chake alikuwa amemfunga mpagazi mmoja aliyepasuka paji la uso.

“Shika hapa,” mama alisema bila kuinua macho. “Bonyeza. Usilegeze.”

Sindano alibonyeza mpaka gari la wagonjwa likaja kumchukua yule mtu. Ndipo akauliza kama mama ndiye aliyebisha mlango wa duka la nyuzi.

“Mlango gani? Mimi nilivutwa hapa mara tu ulipokwenda.”

Kwa hiyo alikuwa mtu mwingine. Sindano akakaa chini palepale.

“Mama, nilikuachia.”

“Najua. Mkono ulioponyoka na mkono ulioachia si sawa. Nimeshika mingi wodini.” Mama alipangusa damu vidoleni. “Ungenishikilia tungeanguka wote. Lakini hilo hukulijua ulipoachia.”

Njia nzima ya kurudi Sindano alisubiri alaumiwe, na kutolaumiwa kulimtisha kuliko kelele.

Jioni, mezani, mumewe aliuliza matembezi yalikuwaje. Mama alieleza madaraja, na mapaa yanavyoonekana madogo. Kuhusu mbio hakusema, wala kilemba. Sindano angeweza kuyaacha yapite hivyo, mwanya ulikuwepo. Lakini akaweka kijiko chini.

“Kuna jambo,” alimwambia mumewe. Akalisimulia lote: kishindo, vidole, na kile kiganja batini ambacho mpaka sasa hajui kilikuwa cha nani.

Mumewe alimtazama mama yake. Mama aliendelea kula, taratibu, kisha akamsogezea Sindano jagi la maji.