Masale Jikoni kwa Mama Zita

Jumamosi asubuhi, kule Marangu, Veronika alimaliza kusugua choo, akafunga chupa ya ile dawa ya bluu aliyonunua Himo, akairudisha chini ya sinki. Ilikuwa chupa ya soda. Muuzaji wake huitia humo siku zote.

Zita, binti yake wa miaka miwili, alikuwa anaangalia. Jumapili iliyopita, kwenye kipaimara cha kaka yake, alionja soda kwa mara ya kwanza, na tangu hapo kila chupa kwake ni soda. Waliosema mtoto akililia wembe mpe, jamani, hawakuwahi kuweka dawa ya choo nyumbani.

Veronika aligeuka kuepua ndizi. Alipotazama tena, Zita amepiga magoti mbele ya sinki, mkono ameunyoosha, na kati yake na chupa masale, ile mimea ya kupandwa mipakani mwa mashamba, yameota kwenye saruji, mabichi, yamesongamana, yana umande. Mtoto aliyasukuma, yakamrudisha taratibu. Akakaa chini, akalia kwa hasira.

Veronika alimbeba, akambusu mpaka mtoto akachoka. Kisha akamwita mama mkwe wake.

"Shikamoo mama. Masale yameota jikoni."

"Marahaba." Bibi Monica aliyakagua. "Huo ni mpaka, mama Zita. Sale la mpaka haling'olewi. Dawa iache humo humo. Magadi unayo?"

Yalikuwepo, ya kupikia maharage. Wakasugua choo upya kwa magadi na sabuni ya mche, sinki kwa ndimu, masufuria kwa majivu. Nyumba nzima ikanukia ndimu. Eliakim, mume wa Veronika, aliporudi aliuliza anakuja mgeni gani. Bibi akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, Zita akakivaa, akawachezea ngoma katikati ya jiko. Veronika alifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yake.

Masale yakaota na kwa majirani. Watu wakayazoea, wakayamwagilia.

Siku ya soko Veronika alishuka Himo. Hata pale yalikuwa yamepasua lami, yameizunguka meza ya yule muuza dawa ya choo.

"Kaka, tafuta chupa nyingine. Watoto wanadhani ni soda."

"Nyingine nitazitoa wapi, dada? Hizi zinaokotwa tu."

Muuzaji akaihamishia meza yake ng'ambo ya barabara, pasipo na jani hata moja. Mteja wa kwanza alikuja na mtoto mgongoni. Mtoto aliiona chupa, akatabasamu, akanyoosha mkono.