Vidonge vya Jino Langu

Mke wa mwanangu alianza kuumwa Alhamisi, akiwa kwenye cherehani, anapinda sketi za shule za binti yake. Alisema tumbo linamsokota kitovuni. Kufikia Ijumaa mchana maumivu yalikuwa yamehamia chini, upande wa kulia, na alikuwa anatembea ameinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Mumewe ni dereva wa lori. Alikuwa safarini, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani.

Nilikuwa na vidonge vilivyobaki nilipong'olewa jino: vya kuua vijidudu, vya rangi mbili, nyekundu na njano, na vingine vyeupe vya maumivu. Nilivitunza kwenye kopo la peremende pamoja na vifungo vya nguo. Nikampa viwili vya kila aina. Jioni akapata nafuu, akanywa uji kikombe kizima. Nikajiona daktari.

Jumamosi asubuhi maumivu yakarudi na homa kidogo. Nikampa tena, kisha nikampeleka hospitali. Njiani nikamwambia, "Wakikuuliza umemeza nini, sema hujameza kitu. Mwaka jana nesi mmoja alinifokea mbele ya watu kama mtoto, eti najitibu nyumbani."

"Sawa, mama," akasema. Tangu aolewe hakuwahi kunijibu vingine.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba. Alimbonyeza tumbo taratibu, akauondoa mkono ghafla. Mke wa mwanangu akauma midomo.

"Umemeza dawa yoyote?"

"Hapana, daktari."

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama bango la kunawa mikono.

"Nashuku kidole tumbo," akasema. "Lakini kwa mtu mzima mambo mengi hujificha upande huu, kwa mwanamke zaidi. Tupime damu, tuone chembe nyeupe na ile protini inayopanda mwili ukiwaka ndani. Damu haiamui peke yake, inatusaidia tu. Mtaalamu wa picha za tumbo hayupo mpaka Jumatatu."

Mtu wa maabara, jitu refu lenye sauti nyembamba, akamfunga mpira mkononi na kuupapasa mkono mzima. "Dada, mishipa yako ina aibu kuliko wewe."

"Hata wewe ungejificha, ukiona mtu anakujia na sindano hiyo."

Tukacheka wote watatu.

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma mara mbili. "Chembe zimepanda kidogo, protini iko katikati. Hainiambii ndiyo wala hapana. Abaki wodini, kesho asubuhi tupime tena. Ikipanda, tunapasua. Ikishuka, tunashukuru."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Na bado, jioni, nilipomwona anasaga meno, nikatoa kopo kwenye mfuko wa sweta nikampa vingine. Si kwamba sikuelewa kupanda na kushuka. Nilidhani namba zikishuka ndiyo kupona kwenyewe.

Jumapili zilishuka. Mtu wa maabara alileta karatasi mwenyewe. "Dada, damu yako imetulia kuliko yangu!"

Daktari akabonyeza tumbo tena, akakunja uso. "Mkono wangu haukubaliani na karatasi hii. Kweli hakuna dawa uliyomeza?"

"Hakuna."

"Basi tusubiri mpaka jioni."

Saa nane mchana mke wa mwanangu akaniita. "Mama, yamekwisha. Yamekatika ghafla tu." Akanyoosha miguu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, anatabasamu. Nikampigia simu mwanangu, aliyekuwa njiani kurudi, nikamwambia mkeo amepona.

Saa tisa nilimletea beseni nimfute jasho. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nilipoweka kitambaa tumboni, tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka haraka haraka, nikauona kwa macho.

Nilikimbia na umri wangu huu, ndala moja ikabaki wodini. Nikaweka kopo mezani kwa daktari. "Nilimpa hivi. Na nilimkataza kusema."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliuliza vingapi, na tangu lini, akaandika saa ya kila kimoja. "Vyeupe vimenifichia maumivu," akasema. "Vya rangi vimenishushia namba. Kidole tumbo kimeshapasuka." Akatoka mbio.

Walimpasua jioni ile ile. Usaha ulikuwa umeenea tumbo zima.

Mwanangu alifika Jumatatu, akamkuta anahema kwa shida. "Kwa nini hukusema mapema, mke wangu?"

"Niliogopa kisu," akajibu. Akanigeuzia macho, kisha akayafumba.

Alikufa Jumatano, saa nne asubuhi, binti yake akiwa darasani.

Mwanangu hakulia. Alichomoa karatasi ya Jumapili kwenye faili, akaenda nayo maabara, mimi nyuma yake. Akamkamata mtu wa maabara kola, akambana kwenye friji.

"Uliandika damu yake imetulia! Imetulia nini?"

"Kaka, niliandika nilichokiona."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Mwache," nikasema. "Hakudanganya. Damu hiyo niliichezea mimi." Nikamweleza yote: vidonge vya jino, vya nyumbani na vya wodini, na yale maneno ya njiani. Nilisema mpaka mwisho, na mtu wa maabara bado amebanwa pale kwenye friji, mikono juu.

Mwanangu akamwachia. Akamnyoosha kola kwa viganja, polepole. "Samahani, kaka."

Alikwenda kusaini karatasi za kuchukua mwili. Nilipomfuata, aliufunga mlango wa ofisi, nikabaki nje nimesimama, nikisikia wanamuuliza umri wa marehemu, naye anashindwa kuutaja.