Mzee wa Malori

Siku hizi unaweza kupendwa na ukumbi mzima wa watu ambao hawajui hata kama wewe ni mrefu au mfupi. Seleyian alipendwa hivyo, na mapenzi yenyewe aliyapata kwa jasho lake. Mchana aliuza katika duka la dawa mjini Kajiado, akipambana na mwandiko wa madaktari na kuwakumbusha wagonjwa wameze baada ya kula. Ndani ya simu, hata hivyo, aliitwa Bibi Karanga, na Bibi Karanga hakuwa mtu mdogo. Alikuwa nguzo ya Kurasa, kundi la wasomaji na waandishi lililoko Telegram, kule ambako namba ya mtu hufichika na jina alilojichagulia ndilo jina lake.

Kurasa ilikuwa na vyumba. Kulikuwa na chumba cha kusahihishana hadithi, ambako watu waliumizana kwa adabu, na chumba cha kujadili vitabu, ambako wengi walijadili vitabu wasivyovisoma. Kisha kulikuwa na Porojo, na huko ndiko kundi lilikoishi hasa. Watu waliulizana wamepika nini, wakalalamikia vumbi, wakataniana kuhusu vipara na wakwe. Kanuni zake zilikuwa chache. Majina halisi yalikuwa marufuku, yawe ya wanachama, ya watu wao au ya mitaa yao. Picha nazo zilifungwa tangu mjinga mmoja alipomwaga humo matangazo ya dawa za nguvu za kiume.

Kilichomjengea Bibi Karanga jina ni baba yake. Mzee alikuwa amehamia kwake Kitengela baada ya mama kufariki, na tangu hapo akili ilikuwa ikimwondoka polepole, kama mgeni anayeona haya kuaga. Kila asubuhi aliketi kwenye veranda inayotazama barabara ya Namanga, akahesabu malori ya saruji kana kwamba ni ng'ombe. “Entito ai,” alimwita binti yake kwa Kimaasai, “hawa wote ni wa nani? Na mbona hawapumzishwi?” Seleyian aliyasimulia hayo Porojo, watu wakacheka mpaka wakaomba huruma. Kesho yake mtu akauliza, “Bibi Karanga, Mzee wa Malori ameamkaje?” Jina likashika.

Akaendelea. Akasimulia jinsi mzee alivyolituliza friji lilipokuwa linanguruma, akiliambia livumilie, mvua iko njiani. Akasimulia alivyomkaripia mtangazaji wa runinga kwa kuingia nyumbani mwa watu bila kubisha hodi. Ukweli ulipopungukiwa na chumvi, aliongeza chumvi. Tusimlaumu upesi. Mambo hayohayo, yalipotokea nyumbani, yalimpeleka bafuni kulia huku amefungulia bomba. Yalipofika Porojo yakawa kicheko, na kicheko kile kilimpumzisha.

Sasa, Porojo kulikuwa na mchezo ulioitwa Mnyororo. Mtu yeyote angeweza kuuanzisha ghafla, katikati ya maongezi ya kawaida, kwa kutupa habari kana kwamba imemfika hivi sasa. Wengine walitakiwa waipokee bila kuuliza, kila mmoja atie pete yake, hadithi irefuke. Sharti lake kubwa lilikuwa hili: aliyeanzisha huapa kwamba ni kweli, tena huapa mpaka mwisho, kwa maana akikubali tu kwamba ni hadithi, mnyororo umekatika na amechekwa. Katika kuapa hakuna aliyemfikia Bibi Karanga. Mwezi uliopita alianza hivi: “Jamani, Mzee amepotea, si utani.” Akawazungusha siku nzima, akalia, akaomba dua, na mwishowe mzee akapatikana kwenye harusi asiyoalikwa, amekaa meza ya maharusi, anagawa nyama. Siku ile mzee halisi alikuwa nyumbani amelala. Kundi zima lilikubaliana kwamba mnyororo ule ulikuwa bora wa mwaka.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Jumanne moja asubuhi, Seleyian akiwa dukani anapanga dawa za minyoo kwenye rafu, Namalwa alipiga simu. Namalwa ndiye aliyekuwa akikaa na mzee mchana.

“Auntie, mzee ametoka,” alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. “Nilikuwa naanika nguo tu. Kurudi, geti iko wazi.”

“Umeangalia kwa mama mboga?”

“Nimeangalia kwa mama mboga, kwa fundi, mpaka kwa kinyozi. Hakuna mtu amemuona.”

Seleyian alivua koti jeupe la kazi, akaomba lifti kwa jirani wa duka aliyekuwa akipeleka mizigo Athi River. Alipokaa kwenye pikapu alitoa simu. Alimpigia kaka yake Leshan, lakini Leshan alikuwa na mifugo ng'ambo ya Oltepesi, kule ambako mtandao hupatikana mtu akipanda juu ya jiwe, na leo hakuwa juu ya jiwe. Alipiga kituo cha polisi. Aliyepokea alimwambia kwa upole kwamba mtu mzima hapotei asubuhi, angojee kwanza. Alituma picha ya mzee kwenye kundi la kanisa, na Amina zikamiminika, Amina za mikono iliyofumbatwa na Amina za maua. Hakuna hata mmoja aliyesema anatoka nje kutazama.

Akaikumbuka Porojo. Mfa maji haachi kutapatapa. Alijua kwamba Kobe, mmoja wa wacheshi wa kundi, aliishi Kitengela, kwa sababu hakuna wiki iliyopita bila Kobe kulalamikia maji ya bauza, yale ya lori la tangi, na vumbi la mtaani kwao. Huenda wapo na wengine. Akaandika kwa vidole vyenye jasho:

“Jamani naomba msaada. Baba yangu amepotea Kitengela. Amevaa koti la kijivu na shuka nyekundu juu yake, kofia ya sufu ya kijani, ana fimbo. Aliye karibu aniandikie tafadhali. Si utani.”

Wa kwanza kujibu alikuwa Shangazi Mtukutu. “Mnyororo! Nilikuwa nimekufa kwa uchovu ofisini. Asante Bibi Karanga.”

“Hiyo ‘si utani’ ndiyo imenimaliza,” akaandika Daktari Nukta, msimamizi wa kundi, mtu aliyeweza kukunyima usingizi kwa sababu ya koma moja. “Mwanzo mkali.”

“Huu si mnyororo,” Seleyian akaandika. “Naapa kwa jina la Mungu, baba yangu amepotea kweli.”

“Leo anaapa mapema,” mtu akasema.

“Ana haraka, harusi inaanza saa nne,” mwingine akasema, na vicheko vikafuatana.

Hapo ndipo Seleyian alipouona mtego, na alikuwa ameufuma mwenyewe, uzi kwa uzi. Angesema nini ambacho hakukisema mwezi uliopita? Kulia alishalia. Kuapa alishaapa. Kila neno la kweli alilolitafuta alilikuta limekwisha kutumika. Alimwandikia Daktari Nukta faraghani, akamsihi awaambie watu waache. Jibu lilirudi upesi: “Mpaka faraghani unaendeleza? Wewe ni moto wa kuotea mbali.” Alitaka kuitupa simu dirishani, na alipoitazama tena mnyororo ulikuwa umeshashika mbio. Shangazi alikuwa amempandisha mzee kwenye lori la saruji, dereva akidhani ndiye mwenye kampuni. Mwingine alikuwa amemfikisha Namanga, anawabishia watu wa forodha kuhusu cheti cha chanjo. Walikuwa wakiandika vizuri. Hilo lilimuuma zaidi.

Kisha Kobe akatia pete yake.

“Mzee alifika kwenye geti la nyumba za watu wenye pesa, akaligonga kwa fimbo. Akamwambia soja: nifungulie, ndama wangu wamebaki ndani na jua linawaunguza. Soja akasema: mzee, hapa hakuna ndama, hapa kuna wageni wa Airbnb.”

Porojo ikalipuka kwa kicheko. Seleyian aliisoma tena. Habari za ndama hakuwahi kumsimulia mtu. Mzee aliwalilia ndama jioni tu, jua likielekea kuzama. Aliwalilia kwa sauti ya mtoto, na hicho kilikuwa kitu kimoja ambacho Bibi Karanga hakuweza kukifanya kicheko. Hicho alikuwa amejiwekea.

Akamwandikia Kobe faraghani. “Huyo mzee umemwona wapi?”

Pikapu ilipita Isinya, ikapita mashamba ya maua yaliyofunikwa nailoni, na Kobe hajajibu. Alimwandikia tena. Akampigia kwa Telegram, simu ikalia mpaka ikachoka. Dereva alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, kisha akasema ndiyo. Walikuwa wanaikaribia Kitengela Kobe alipojibu.

“Haha, umenikamata. Ni mzee wa kweli. Nilimkuta getini kwetu asubuhi nikitoka kununua maziwa. Nikasema huyu ni zawadi kutoka mbinguni.”

“Geti gani?”

“Bibi Karanga, wewe pia. Kanuni.”

Seleyian hakuandika tena. Alitafuta picha ya mzee, ile ya Krismasi, mzee amevaa kofia yake ya kijani anamtazama mpiga picha kana kwamba anamdai salamu, akaituma. Chumba cha faraghani hakikuwa kimefungiwa picha. Alishangaa kwa nini hakulifikiria hilo mapema, akajichukia kwa muda mfupi, kwa sababu muda mrefu hakuwa nao.

“Mungu wangu,” Kobe akaandika. “Ni yeye.” Kisha akataja mtaa, akataja geti, akasema anatoka nje sasa hivi.

Ulikuwa mtaa wa nyumba zinazofanana, upande wa mashariki wa mji, wenye jina la Kizungu la ua fulani lisiloota huko. Seleyian alishuka mbele ya geti. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba boma la babu lilikuwa upande huo kabla ardhi haijakatwa ploti, lakini yeye alikulia Oltepesi kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kumwonyesha ni wapi hasa. Kumbe mzee, ambaye hakukumbuka kama amekunywa chai, alikuwa ameijua njia.

Mtu alisimama kando ya kibanda cha mlinzi akiwa na ndara miguuni. Alikuwa amepita hamsini, mwenye kipara na tumbo la heshima. Siku zote Seleyian alidhani Kobe ni kijana.

“Bibi Karanga?” aliuliza. “Naitwa Githongo. Pole. Pole sana, mama. Nilijua ni mchezo.”

“Ameenda wapi?”

Githongo alimgeukia soja, na soja, Muthama kwa jina, akavua kofia kabla ya kujibu. “Alikaa hapo kwa mawe kidogo. Mimi nikaenda kufungulia gari ya taka. Kurudi, hayuko. Labda ameenda hivi, labda ameenda hivi.” Akaonyesha kwa mkono. Barabara moja ilirudi mjini, kwenye malori. Nyingine ilikuwa njia ya vumbi iliyopita katikati ya nyaya za seng'enge, ikaingia mbugani mpaka macho yanapokoma.

“Wewe ulimwacha hapa?” Seleyian alimuuliza Githongo. Hakupaza sauti. “Ulimwona amepotea, ukamwacha?”

“Alinisimamisha. Alinishika mkono, kwa heshima tu, akaanza kuniambia hizo habari za ndama.” Githongo alitazama ndara zake. “Nilikimbia ndani niandike, nisisahau vile alisema. Nilifikiria nikimaliza nitarudi nimpatie maziwa. Halafu nikaona umeanza mnyororo, nikasema, aki hii imekuja wakati wake.”

Simu ya Seleyian ilitetemeka mfukoni. Porojo walikuwa bado wanaunganisha pete. Hakuitazama. Alitazama vumbi la njia, kama lina alama ya ndara za tairi alizovaa mzee, lakini gari la taka lilikuwa limepita juu ya kila kitu.

“Alisema nini kingine?” aliuliza. “Kila neno. Usiniachie hata moja.”

“Aliniuliza njia. Hiyo sikuiandika, kwa sababu kulikuwa na jina, na unajua kanuni, majina ya watu haturuhusu.” Githongo alikunja uso akikumbuka, mtu mwaminifu anayetaka kusaidia. “Alisema amechoka, anataka kwenda nyumbani kwa Seleyian. Aliniuliza mara mbili. Nikamwambia simjui mtu wa jina hilo.”

Muthama alisema kitu kuhusu kuwaita watu wa bodaboda watafute pande zote mbili. Seleyian alimsikia kwa mbali. Alibaki ameushika mkoba wake kwa mikono yote miwili, anaangalia barabara moja, kisha nyingine.

“Huyo Seleyian ni nani wenu?” Githongo aliuliza kwa upole, huku akitoa simu yake mfukoni. “Tukimpata huyo, si anaweza kutuambia mahali mzee hupenda kwenda?”