Mkono wa Odeta Waandikishwa Darasa la Kwanza

Siku ya uandikishaji Justa alimpeleka binti yake, Odeta, kwenye shule moja huko Mkolani. Alikuwa amemsuka na kumpaka mafuta hadi magoti yakang'aa. Odeta alikuwa na miaka minane, na usonji. Maneno hakuwa nayo. Mwalimu mkuu, Yeremia, hakudai cheti cha kuzaliwa. Alitumia kipimo cha zamani: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, na akilifikia sikio la upande wa pili, umri wa shule umetimia.

Mkono wa Odeta ulipita juu ya kichwa, ukashika sikio, ukaendelea. Ulitoka dirishani, ukakatiza uwanja, ukaingia darasa la kwanza na kuokota chaki.

Yeremia alisogeza kikombe chake cha chai usije ukakimwaga. Kisha akamwita mtoto kwa jina mara tatu. Odeta alikuwa akitazama feni.

"Mama Odeta, mkono umefaulu," alisema. "Mwenyewe bado. Wa hivi anahitaji mwalimu wa elimu maalumu, na huyo tunamsubiri tangu nikiwa na nywele."

Basi akauandikisha mkono.

Tangu hapo Odeta alishinda kizingitini kwao, na mkono ukaenda shule. Waendesha bodaboda waliukwepa kama wanavyokwepa mashimo. Jirani yao Fadhila aliomba ruhusa, akaanikia kanga juu yake. Jioni ulirudi na vumbi la chaki, na Justa akauosha kidole kwa kidole, akiuuliza leo wamesoma nini.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu aliitwa shuleni. Yeremia alimfunulia daftari la mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu wa darasa aliliita jina la Odeta, na mkono ulinyooka papo hapo. Lakini utaratibu ni kuitika kwa mdomo, kwa hiyo aliandika: hayupo. Siku hamsini, hayupo. Jina lilikuwa limefutwa kwa utoro.

"Kwani mlikuwa hamuuoni?" Justa aliuliza.

"Tunauona, mama. Ndio unaotufutia ubao."

Justa alishukuru, maana ndivyo alivyolelewa, akarudi nyumbani.

Kesho yake alipasha maji, akauosha mkono, akaukata kucha. Saa moja ukaondoka. Darasani majina yaliitwa, la Odeta likarukwa. Mkono ulinyooka vilevile, na mwalimu akaupa dasta.