Jike la Mwisho la Fundi Friji

Watu wanaompita mume wangu barazani husema, "Maskini, kiharusi hakina huruma." Mimi huitikia tu, huku nikiendelea kuanua nguo. Wao hawakuishi naye.

Alikuwa fundi friji, na nyumbani alizalisha kambare wadogo, wale wa urefu wa kidole, wenye sharubu, wanaochokora mchanga chini ya tangi la kioo. Kwa miaka kumi na moja aliwachagua kizazi baada ya kizazi mpaka akapata weupe wenye mstari mmoja mweusi mgongoni. Hakuna mwingine aliyekuwa nao. Tangi lilikaa chumba cha nyuma, alikolala mama yangu hadi siku fundi alipoamua kwamba kikohozi cha bibi kizee kinawashtua samaki. Mama akahamishiwa stoo, kwenye unyevu, kati ya mafriji mabovu. Nilimpigia fundi magoti. Akanijibu kuwa mkwe ni mgeni, na mgeni hachagui chumba. Masika hayakuisha, tukamzika.

Mwosha huoshwa. Kiharusi kikampiga yeye, mkono mmoja na ulimi vikafa, macho yakabaki makali vilevile. Kazi ya samaki ikaniangukia mimi, niliyemchotea ndoo miaka yote hiyo. Sikuijali sana. Wakafa mmoja mmoja, wakabaki madume wawili na jike mmoja mzee, tumbo limemjaa. Huyo asipoacha watoto, mbegu imekwisha. Fundi alijua, na kutwa alimkodolea macho.

Samaki hawa hutaga mvua zinapoanza, kwa hiyo ndani ya nyumba unawadanganya. Unatoa nusu ya maji, unamimina ya baridi yaliyolala kwenye ndoo, nao hudhani mto umejaa. Jumapili niliwadanganya. Jumatatu asubuhi nikasogeza kiti cha fundi karibu na kioo, nikamfunga kitambaa shingoni, nikaleta uji.

Jike akapanda, akabandika mayai manne kwenye kioo, akashuka, akapanda tena na tena, mpaka kioo kikajaa mayai. Fundi akatabasamu kwa nusu ya mdomo. Sasa mayai hayo sharti uyabandue kwa kidole mara tu jike anapomaliza, uyatie kwenye kopo la peke yake, maana wazazi wenyewe huyala. Fundi akanitazama, akalitazama kopo. Mimi nikavuta kigoda, nikakaa.

Saa nne jike alimaliza. Haikupita robo saa akayarudia. Sharubu zinapapasa kioo, yai halipo. Madume nao wakajikaribisha. Fundi akakoroma, akapigapiga kiti kwa mkono wake mzima. Nikampa kijiko cha uji, akakitema. Nilifurahi, sitawadanganya.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alikuwa ametuambia kwamba mgonjwa atasema siku atakapotaka kitu kwa moyo wote. Yalipobaki mayai kama matano, ulimi ule ukajikunja, mate yakamtoka, neno likaja vipande vipande, kisha zima.

"Tafadhali."

Katika ndoa yetu yote sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Umesema vizuri, mume wangu," nikamwambia. "Rudia."

Akalirudia mara tatu huku analia. Nikamfuta machozi kwa kile kitambaa cha uji, tukakaa tukitazama pamoja mpaka kioo kikawa safi.