Watu wa Kawaida wa Awindiri

Ndugu yangu Kenyi alikuwa amelazwa uani kwangu, ameoshwa, amevishwa sanda, amefunikwa shuka la kijani la msikitini, na wanaume wa mtaa wetu wa Awindiri walikuwa wamekaa kwenye mikeka yangu, wanakunywa chai yangu na kukataa kumswalia. Sina pengine pa kuanzia. Niliudhika siku ile, na mpaka leo nikikumbuka naudhika upya.

Kenyi alijiua. Alivyofanya sisemi, waliotaka kusema wamesema vya kutosha. Alikuwa askari, amekuja likizo kwangu kutoka kambi ya huko kusini, mwaka wa sabini na sita, na likizo ikaisha asirudi. Usiku halali. Mchana haongei. Ukimwuliza ameona nini huko, anakujibu, "Hakuna kitu, dada," halafu anatazama ukuta. Jioni ya mwisho alichukua nyundo akautengeneza mlango wa jiko langu, mlango niliokuwa nikimpigia kelele tangu aje. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia mkewe Sadiya, haya, sasa mumeo anapona, na nikamkaangia nyama. Asubuhi tukamkuta amekufa. Mlango ule sasa unafungika vizuri kabisa, na kila nikiufunga nataka kuupiga teke.

Sheikh Fadhul, imamu wetu, alifika mapema, na yeye simlaumu. Alihakikisha maiti ameoshwa, kisha akasimama mbele ya watu akasema waziwazi.

"Sikia, watu wangu. Huyu iko Mwislamu. Alifanya dhambi kubwa, lakini iko Mwislamu. Mtume mwenyewe hakuswalia mutu ya kujiua, lakini hakukataza wengine. Basi mimi imamu najizuia, watu wapate kuogopa. Nyinyi watu ya kawaida, mswalie yeye, tumuzike."

Akaenda kukaa kibarazani na tasbihi yake. Hakuondoka. Alikaa kungoja watu wa kawaida wasimame.

Hakusimama mtu.

Kwanza nilidhani hawakusikia. Nikamwendea Haji Sulaiti, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na birika. Haji Sulaiti alikuwa amekwenda Makka mwaka uliotangulia kwa ndege, na tangu arudi, ukimwita Sulaiti bila Haji hageuki hata kama nyumba yake inaungua.

"Haji," nikamwambia, "si umesikia Sheikh? Simama uswalishe."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Dada Hawah, Sheikh alisema watu ya kawaida. Mimi niko Haji. Mimi nikiswalia huyu, watu watasema nini? Watasema kujiua iko kitu kidogo."

Nikamtazama. Huyu Sulaiti nimemjua tangu anauza ngozi za mbuzi. Nimemwona kwa macho yangu mawili akitoka kwa Santina, muuza pombe, amekumbatia mti akidhani ni mke wake. Leo amekuwa mtu mkubwa kiasi kwamba swala yake itaharibu dunia.

Nikamgeukia mwalimu wa madrasa. Akasema yeye ni mwalimu, watoto wanamtazama. Nikamgeukia yule anayeadhini mwadhini wetu akipata homa. Akasema hata yeye, kwa namna fulani, ni kiongozi. Mmoja akasema baba yake alikuwa imamu wa kikosi enzi za Waingereza. Mwingine hakuwa na cheo chochote, nikaona macho yake yanakitafuta kwenye mikeka, mwisho akasema yeye ndiye anayetunza taa za msikiti. Taa zenyewe hazikuwa na mafuta mwezi mzima.

Kumbe Awindiri yote ilikuwa imejaa mashehe, na mimi sina habari! Ningejua ningewatoza ada ya kukaa karibu nao.

Toka chumbani Sadiya akaniita. Alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea sanduku la nguo za Kenyi, na hakuwa amelia tangu asubuhi. Hakuniuliza mumewe ataingia peponi au motoni. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa.

"Wifi, wamekwisha kumuswalia?"

"Bado kidogo."

"Wasimuzike bila swala, wifi. Alikuwa anaogopa kwenda pahali peke yake."

Nikatoka nje nimefura. Huko nje walikuwa wameshaacha habari ya kuswali, wamehamia ahera. Haji Sulaiti alikuwa anaeleza kwamba mtu wa namna hiyo huko motoni atarudia kitendo chake siku zote, bila mwisho. Mwalimu anasema inategemea alikuwa na akili timamu au la. Mtu wa taa anauliza malaika wa kaburini wataanza na swali gani. Watu ambao kwenda mji wa Moyo tu wanauliza njia mara tatu, leo kila mmoja ana ramani ya ahera, na barabara zake, na nani anakaa wapi.

Mama yetu mdogo, Rosa Kiden, alikuwa amefika na lori kutoka Dranya, kwao mama yetu. Rosa ni Mkatoliki wa kupiga magoti kila asubuhi. Nilitumaini angalau yeye atanipa faraja. Akanivuta pembeni.

"Mwanangu, hata kwetu iko hivyo hivyo. Padri hataki kuingiza yeye kanisani. Na wazee ya Dranya wanasema huyu azikwe mbali, ng'ambo ya mto, watu wasilie, ama roho yake itarudi kuita wengine." Akapangusa macho na ncha ya kitenge. "Sasa mimi nauliza, Hawah. Padri hapana, Sheikh hapana, wazee hapana. Huyu mtoto anaenda kwa Mungu ya nani?"

"Usiniulize mimi," nikasema. "Waulize hao wakubwa wanaomaliza sukari."

Na sukari yenyewe miaka ile unaifuata Ariwara, ng'ambo ya mpaka, unairudisha umeificha chini ya mihogo. Nikaondoa birika. Haji Sulaiti alikuwa ameshanyoosha kikombe. Akabaki nacho hewani.

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Sheikh Fadhul pale kibarazani alinitazama, kisha akatazama jua. Basi nikaenda kwenye mtungi nikatawadha. Nikawaita wanawake wa jirani waliokuwa jikoni. "Njooni. Kuna mtu hapa mwenye cheo?" Hakuna aliyekuwa nacho. Tukajipanga mbele ya maiti, wake wa fundi baiskeli, muuza karanga, mimi, na mwishoni mwa safu akaja kusimama Rosa Kiden, rozari shingoni.

"Mama mdogo," nikamnong'oneza, "wewe si Mwislamu."

"Sheikh alisema watu ya kawaida," akajibu. "Mimi niko mutu ya kawaida."

Nikainua mikono, nikasema Allahu Akbar kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kisha nikainama kurukuu.

Swala ya maiti haina rukuu. Kila mtoto wa madrasa anajua. Unasimama tu mpaka mwisho. Wapo wanaosema nilifanya makusudi, na wapo wanaosema hasira zilinipoteza akili. Waacheni waseme.

"Hapana! Hapana!" Haji Sulaiti aliruka kama aliyekalia siafu. "Hakuna rukuu! Nani alikufundisha wewe? Mnaharibu mutu ya watu!"

"Basi tuonyeshe," nikasema, nimeinama bado.

"Wanawake nyuma! Nyuma kabisa! Imamu anasimama hapa, kwa kichwa ya maiti, namna hii. Safu inakaa hapa. Si hapo, hapa! Nyinyi wanaume mnatazama nini? Kuja mjaze safu, hawa hawajui kitu!"

Mwalimu akaja kunyoosha safu. Mtu wa taa akaja kwa sababu mwalimu amekuja. Wakaja wote, wanasukumana, wanavua viatu, kila mmoja anamwelekeza mwenzake. Haji alipogeuka kuangalia kama safu zimenyooka, alikuta uwanja mzima uko nyuma yake na maiti iko mbele yake. Akatweta kidogo. Macho yake yakashuka kwenye lile shuka la kijani, yakabaki hapo. Alimjua Kenyi tangu utoto. Alimfundisha kupanda baiskeli.

Kisha akamwona Rosa, amesimama nasi nyuma, hajatoka.

"Na huyu je?" akauliza.

Sheikh Fadhul akajibu kutoka kibarazani, hajainua kichwa. "Haji, wewe tazama mbele. Ya nyuma achia Mungu."

Haji akainua mikono.

Takbira ya kwanza, Fatiha. Ya pili, tukamswalia Mtume. Ya tatu ndipo unapomwombea maiti mwenyewe: Mola msamehe, mrehemu, mpokee vizuri. Maneno hayo nayajua tangu nikiwa msichana. Nikayaleta mdomoni, yakakataa kutoka. Nilikuwa nimepigana siku nzima na Awindiri yote ili wamwombee Kenyi, na sasa nimesimama mbele ya Mungu na ninachoona ni mlango wa jiko. Alipiga misumari. Alikula nyama yangu. Alisema, "Tamu sana, dada." Akanidanganya kwa chakula changu mwenyewe! Hasira nilizokuwa nikiwatupia wale wanaume zote zilikuwa za kumtupia Kenyi, na yeye amelala pale, hanijibu.

Haji alikuwa karibu kupiga takbira ya nne. Hakukuwa na nafasi ya kupamba maneno. Nikasema moyoni: Mola, msamehe Wewe. Mimi bado. Usiningoje.

Tukatoa salamu, wakamwinua, wakaenda naye makaburini. Kila mtu alitaka bega lake liwe chini ya jeneza. Sheikh Fadhul alifuata nyuma, viatu mkononi.

Nikaingia kwa Sadiya. Alikuwa palepale penye sanduku.

"Wamemuswalia," nikamwambia.

"Wengi?"

"Wengi. Mpaka mama mdogo."

Akanitazama usoni. "Na wewe wifi, ulimwombea nini?"

Ningeweza kumpa dua yote ya kitabuni. Nilikuwa nimechoka mno kudanganya. "Nilimwambia Mungu amsamehe Yeye kwanza. Mimi nitafuata, nikiweza."

Nilidhani atanikasirikia. Sadiya akasogea akaweka kichwa chake kwenye bega langu, na hapo ndipo machozi yake yalipoanza kutoka.

"Na mimi, wifi," akasema, "niko nyuma yako."