Stendi Nyepesi za Ngoma ya Okinyi

Tangu wamzike baba yake, Peres alikuwa mtu wa kusema sawa. Walimwuliza kama jeneza lifunikwe, akasema sawa. Wakamwuliza kama hotuba zifupishwe kwa sababu ya mvua, akasema sawa. Majirani wa Waithaka wakamsifu kwamba amejikaza kisabuni. Lakini Peres hakuwa amejikaza. Alijipapasa ndani akitafuta cha kukaza, asikione.

Sasa kulikuwa na jambo la ngoma. Baba yake, Okinyi, alikuwa amepiga dramu katika bendi ya rumba tangu ujana wake. Seti yake ilikuwa ya zamani, ya mbao nyembamba, rangi yake ya maziwa imegeuka kuwa ya chai. Wenzake wa bendi waliomba ipigwe Jumamosi kwenye ibada ya kumkumbuka, katika ukumbi wa kanisa kule Kinoo. Ngoma zenyewe zilikuwa nzima. Vilivyooza ni vyuma vya kuzishikilia: paa lilivuja wakati mzee akiugua, kutu ikala skrubu, na ule mkono mdogo uliobeba ngoma ya juu, ile ndogo inayokaa mgongoni mwa ngoma kubwa, ukakatika.

Ndipo Peres akajikuta mjini, Mtaa wa Biashara, katika duka la vyombo vya muziki la Huzefa, pamoja na Sifuna, rafiki wa baba yake ambaye ndiye angekikalia kiti cha Okinyi. Walikuwa wamebeba ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu ili vyuma vipimwe papo hapo.

Sifuna alijaribu kuinua stendi iliyosimama mlangoni, akairudisha chini akihema.

"Huzefa, hii ni stendi ama nguzo ya stima?"

"Hiyo ndiyo inaenda sana, mzee. Miguu dabo. Vijana wa kanisa wanapiga kama wanavunja mawe, na hii haisongi."

"Mimi sivunji mawe. Mimi nimevunjika mgongo."

Huzefa alicheka, akaenda nyuma, akarudi na stendi nyingine kwapani, zote kwa mkono mmoja. Zilikuwa za bomba jembamba, na miguu yake ililala bapa sakafuni.

"Hizi ni mpya, lakini wamefuata umbo la zile za zamani. Dramu nyembamba hivi ukiizungushia vyuma vizito, ni kama kumvika mtoto koti la askari. Shika uone."

Peres alishika. Ilikuwa nyepesi kama mwavuli.

"Unaonaje, mama?" Sifuna alimwuliza.

"Sawa."

Tatizo likabaki kwa ngoma ya juu. Mkono mpya ulikuwa mnene kuliko tundu lililokuwepo mgongoni mwa ngoma kubwa. Kitavi, fundi wa duka, aliinama, akapima kwa kidole, akaleta bamba la chuma pana kama kiganja.

"Tunapanua hii shimo, tunatoboa zingine nne, tunafunga bamba. Haitatingishika tena. Dakika kidogo tu, madam."

Sifuna alijikuna kisogo. "Okinyi hakuwahi kuitoboa hii ngoma. Hata msumari. Lakini Jumamosi ndiyo hiyo. Peres, wewe ndiwe mwenyewe. Sema."

"Sawa," Peres alisema.

Kitavi akatia alama za chaki. Mbili kati ya hizo ziliangukia mahali ambapo rangi ilikuwa imekwisha kabisa, baka la mbao tupu kando ya lile tundu. Peres alilijua. Kila wimbo ulipokwisha, baba yake aliinama mbele na kuweka kiganja pale kuituliza ngoma, kama mtu amtulizaye ng'ombe baada ya kumkamua. Miaka na miaka ya kiganja kilekile.

Peres alilitazama lile baka, akangoja kitu kije. Hakikuja. Drili ikaanza kunguruma.

Alishtuka kuona mkono wake mwenyewe umelala juu ya chaki.

"Hapana," alisema.

Kitavi alizima mashine. "Hapana nini, madam?"

"Usitoboe."

"Kwa nini?"

Alitafuta sababu. "Sijui. Usitoboe tu."

Peres aliziangalia zile stendi nyepesi, akaigusa yenye mikono mitatu, ambayo kazi yake ni kubeba ngoma inayokaa katikati ya magoti ya mpigaji.

"Nyingine kama hii haiwezi kubeba ile ya juu?"

Huzefa aliinamisha kichwa upande. "Inaweza. Wazee wengi walikuwa wanafanya hivyo. Lakini ukipiga kwa nguvu itayumba, nakuambia mapema."

"Nguvu nitoe wapi?" akasema Sifuna, tayari akizikunja stendi ndani ya mfuko.

Vyuma vyote viliingia katika mfuko mmoja, na Peres aliubeba begani bila kuubadilisha upande.

Jumamosi, sakafu ya ukumbi wa Kinoo ilikuwa imepigwa rangi mpya ya kung'aa. Ngoma ya juu ilitulia vizuri kwenye kitanda chake chepesi. Toazi liliyumba kidogo juu ya bomba lake, likaimba. Ila ngoma kubwa, ambayo wakati wa bendi ilizuiwa kwa jiwe la ujenzi, ilianza kuteleza mbele kila Sifuna alipokanyaga. Hakuna aliyekumbuka jiwe.

"Peres!" Sifuna aliita bila kuacha kupiga. "Mshike huyu, anaenda Naivasha!"

Watu wakacheka. Kazi hiyo ilikuwa yake utotoni, kwenye mazoezi. Peres aliketi sakafuni na sketi yake nyeusi, akaikingia ngoma kwa miguu, akanyoosha mkono juu na kuweka kiganja kwenye mbao tupu, mahali pa baba yake.

Sifuna alikanyaga. Mtetemo ukaingia kiganjani, ukapanda kifundo cha mkono, ukafika kwenye kiwiko. Ukakomea hapo.

Peres hakuutoa mkono.